Mwalimu Asiye na Shahada ya Ualimu: Sura Iliyosahauliwa katika Historia ya Kiswahili Shuleni

Utangulizi

Historia ya Kiswahili katika shule za Afrika Mashariki imezoeleka kuandikwa kwa kufuata mikutano na kamati. Tunaanzia mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, ulioichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Tunaipitia Kamati ya Lugha iliyoanza kazi tarehe 1 Januari 1930. Tunaitaja kamusi ya Johnson ya mwaka 1939. Kisha tunazifikia tume za elimu za baada ya uhuru. Njia hii ina manufaa yake, wala makala haya hayakusudii kuibeza. Lakini kamati haimfundishi mtoto kusoma. Kati ya azimio la kamati na ubao wa darasani husimama mtu mmoja, na mtu huyo, kwa sehemu kubwa ya historia yetu, hakuwa na shahada ya ualimu. Mara nyingi hakuwa hata na cheti.

Makala haya yanajaribu kumrejesha mtu huyo mahali pake. Yatauliza maswali matatu: alitoka wapi, alijifunza kazi yake kwa njia gani, na alikifanyia nini Kiswahili, kwa wema na kwa ubaya. Si maswali ya zamani tu. Kila mwaka vijana waliosomea Kiswahili katika digrii ya sanaa hurudi katika ofisi zetu wakitaka kujua namna ya kuwa walimu wa shule. Tunawajibu kwamba sheria ya mwaka 2012 inayohusu Tume ya Kuwaajiri Walimu hairuhusu mtu asiyesajiliwa kufundisha, na kwamba hawana budi kwanza kupata stashahada ya uzamili katika elimu. Jibu hilo ni sahihi. Hata hivyo, anayelitoa angefaa kujua kwamba kanuni hii ni changa sana ikilinganishwa na kazi yenyewe ya ualimu.

Chuo, Ijaza na Maana ya Kuhitimu

Tuanze na maneno, kwa kuwa maneno ni kumbukumbu ya watu. Neno mwalimu lilitoka katika Kiarabu, na ni jamaa ya elimu na taaluma. Maana yake ya asili ni yule anayemfanya mwingine ajue. Halisemi lolote juu ya namna yeye mwenyewe alivyokipata kibali cha kufundisha.

Katika miji ya pwani, tangu Lamu hadi Kilwa, mtoto alipelekwa chuoni kusoma Kurani. Chuo hicho aghalabu kilikuwa baraza au chumba katika nyumba ya mwalimu. Wanafunzi wakubwa waliwasomesha wadogo, na mwalimu akawasikiliza wote wawili, mfundishwaji na mfundishaji. Hivyo ndivyo mwalimu alivyoumbwa: alianza kufundisha kabla hajamaliza kujifunza, tena mbele ya macho ya aliyemfundisha. Aliyeendelea na vitabu vya fikihi au nahau aliweza kupewa ijaza, yaani idhini ya kufundisha kitabu fulani, idhini iliyotoka kwa mtu na kumfikia mtu, katika mnyororo wa walimu wanaojulikana kwa majina.

Msamiati tunaoutumia leo katika sherehe za vyuo vikuu ulizaliwa katika mazingira hayo. Kuhitimu kulikuwa kuikamilisha Kurani. Shahada ni ushahidi, na shahidi ni mtu aliyeona. Cheti ni neno lililotujia kutoka Bara Hindi, nalo kwa asili lilikuwa karatasi fupi ya maandishi tu. Kwa hiyo tunapomwambia kijana leo kwamba hana shahada wala cheti, tunatumia maneno mawili yaliyo mbali sana kwa asili: moja linauliza ni nani aliyemwona akifanya kazi, la pili linauliza yuko wapi karatasi. Kwa maoni yetu, historia yote inayofuata yaweza kusomwa kama mvutano kati ya maswali haya mawili.

Wanafunzi Waliofanywa Walimu

Wamisionari walipofika, walikuta uhaba wa walimu wa aina waliyoitaka wao. Krapf aliwasili Mombasa mwaka 1844, na kuanzia mwaka 1846 yeye na Rebmann walikuwa na kituo Rabai. Mwaka 1875 kikaanzishwa kijiji cha Freretown kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Upande wa Unguja, Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati ilihamia kisiwani mwaka 1864, ikaanzisha chuo Kiungani. Wengi wa wanafunzi wa awali wa chuo hicho walikuwa wavulana waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Walitoka makabila mengi ya bara, na Kiswahili kilikuwa kwao lugha ya pili au ya tatu.

Hili lahitaji kusisitizwa mbele ya wanaisimu. Baadhi ya watu wa kwanza kukipeleka Kiswahili cha kuandikwa kwa herufi za Kirumi katika shule za bara hawakuwa wazawa wa lugha hiyo. Walikuwa wanafunzi wa lugha waliofanywa walimu wa lugha. Walipelekwa Magila katika nchi ya Bonde, na Masasi, ambako Askofu Steere alianzisha makazi ya watu waliokombolewa mwaka 1876. Wengine tunaweza kuwasikia wakisema wenyewe, kwa kuwa gazeti la Msimulizi, lililoanza kutolewa na misheni hiyo huko Unguja mwaka 1888, lilikusanya habari zilizoandikwa na wanafunzi na walimu wa vituo mbalimbali. Kabla ya kuwapo kamati yoyote ya usanifishaji, tayari kulikuwa na mtandao wa walimu vijana walioandikiana kwa Kiswahili kinachofanana.

Katika shule za vichakani za misheni, neno mwalimu lilipata maana ya ziada. Mwalimu alikuwa pia mhubiri, mwandishi wa barua za kijiji na msuluhishi. Alifundisha herufi asubuhi na katekisimu jioni. Sifa zake zilikuwa ubatizo, mwenendo mwema na uwezo wa kusoma kuliko waliomzunguka, na ziada hiyo mara nyingi ilikuwa ya miaka miwili au mitatu tu ya masomo.

Cheti Kinapokuwa Lango

Serikali za kikoloni ziliingia katika mafunzo ya ualimu kwa kuchelewa. Katika Kenya, hatua muhimu ilifuata ziara ya Tume ya Phelps-Stokes ya mwaka 1924. Mwaka 1925 ilifunguliwa Skuli ya Jeanes huko Kabete. Wazo lake lilitoka kusini mwa Marekani, ambako mfuko ulioachwa na Anna T. Jeanes wa Philadelphia uliwalipa walimu Weusi waliozunguka katika shule ndogo za vijijini wakiwasaidia wenzao. Wa kwanza wao aliyejulikana sana alikuwa Virginia Randolph wa jimbo la Virginia. Kabete nayo iliwafunza walimu wa kuzunguka, mara nyingi pamoja na wake zao, ili wazitembelee shule za vichakani na kuwaelekeza wale waliokuwa wakifundisha bila mafunzo.

Yafaa tuutazame mpango huu kwa makini. Tunaweza kuulaumu, na wengi wameulaumu, kwa kuwa ulibeba dhana kwamba elimu ya Mwafrika iwe ya mikono na ya kijijini. Lakini ndani yake mlikuwamo jambo moja la busara: ulikubali kwamba mwalimu asiye na mafunzo yupo, kwamba hataondoka kesho, na kwamba anachohitaji kwanza ni mwenzake mwenye ujuzi anayemjia darasani.

Wakati huohuo cheti kilianza kuwa lango, na kila lango lina bawabu. Baada ya mgogoro wa tohara ya wasichana wa mwaka 1929, Wagikuyu wengi walizitoka shule za misheni wakaanzisha zao, chini ya vyama viwili vilivyojulikana kwa kifupi kama KISA na Karing'a. Shule zilijengwa kwa haraka, lakini walimu waliofunzwa walitoka wapi? Vyuo vya ualimu vilikuwa mikononi mwa misheni zilezile zilizoachwa. Kwa hiyo shule huru zililaumiwa kwa kukosa walimu wenye sifa na watu walioushika ufunguo wa kuzipata sifa hizo. Jibu la wazazi lilikuwa Chuo cha Ualimu cha Githunguri, kilichofunguliwa mwaka 1939 chini ya Mbiyu Koinange, aliyekuwa amerudi na shahada ya uzamili kutoka Chuo Kikuu cha Columbia. Githunguri ilifungwa mwaka 1952, hali ya hatari ilipotangazwa. Ndipo tunapoona kwamba swali la nani ana haki ya kufundisha halijapata kuwa la kitaaluma tu. Lilikuwa pia swali la nani anamiliki mtoto wa kesho.

Mwaka huohuo wa 1952 taarifa ya Binns ilipendekeza Kiswahili kisifundishwe katika sehemu ambako si lugha ya wenyeji, na kuanzia mwaka 1957 mbinu mpya ya kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza ilianza Nairobi na kuenea. Matokeo yake kwa somo letu yalikuwa makubwa. Kenya iliupata uhuru mwaka 1963 ikiwa na walimu wengi ambao, hata pale walipokuwa na vyeti vya ualimu, hawakufunzwa kukifundisha Kiswahili.

Amri ya Mwaka 1973

Tarehe 12 Desemba 1973 Rais Kenyatta alitangaza kufutwa kwa karo katika madarasa manne ya kwanza. Mwezi uliofuata watoto walimiminika. Darasa la kwanza lililokuwa na watoto wapatao 379,000 mwaka 1973 lilipokea wapatao 959,000 mwaka 1974. Kwa hesabu zinazonukuliwa mara kwa mara na wanahistoria wa elimu ya Kenya, mwanzoni mwa mwaka 1973 kulikuwa na walimu wa msingi 56,000, na 12,600 kati yao hawakuwa na mafunzo. Kufikia mwaka 1975 walimu walikuwa 90,000, na wasio na mafunzo walikuwa 40,000. Hii ni karibu nusu ya walimu wote.

Walimu hao waliitwa kwa herufi mbili, UT, na herufi hizo zikawa jina la dharau. Wengi walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba au kidato cha nne. Waliingia darasani Januari wakiwa na chaki na kitabu kimoja, mbele ya watoto mia moja au zaidi. Misaada haikukosekana kabisa. Tangu mwaka 1967 Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa na kitengo cha masomo kwa posta na redio, na kupitia kitengo hicho walimu wasio na mafunzo walijiandaa kwa mtihani wa kidato cha pili. Lakini tuone msaada huo ulilenga nini. Ulimwongezea mwalimu elimu yake mwenyewe, ili apande daraja. Haukumfuata darasani kumtazama akifundisha. Zaidi ya hayo, Kiswahili hakikuwa kikitahiniwa mwishoni mwa shule ya msingi, hivyo aliyekifundisha hakuwa na haja wala hofu ya kujua kama anakifundisha vizuri.

Azimio la Musoma

Jirani yetu Tanzania alikutwa na dhiki hiyohiyo karibu wakati uleule. Mnamo Novemba 1974, Musoma, chama cha TANU kiliamua kwamba elimu ya msingi kwa watoto wote, iliyokuwa imepangwa kufikiwa mwaka 1989, ifikiwe mwaka 1977. Walimu hawakuwapo. Uamuzi ukawa kuwachukua vijana waliomaliza darasa la saba na kuwafunza wakiwa kazini. Tangu mwaka 1976 na kuendelea, zaidi ya vijana elfu arobaini waliingizwa katika mpango huo.

Utaratibu wao ulikuwa huu. Kijana alifundisha madarasa ya chini kwa sehemu ya siku, na sehemu iliyobaki alisoma pamoja na wenzake katika kituo cha karibu, chini ya mkufunzi. Alisoma kwa masomo ya posta, akasikiliza vipindi vya redio, na mwisho akaenda chuoni kwa majuma machache kabla ya kupewa cheti cha Daraja la Tatu C. Yote haya yalifanyika kwa Kiswahili, kwa kuwa tangu mwaka 1967 ndicho kilichokuwa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali.

Watanzania hawakukosa kuwacheka. Kifupisho cha mpango huo, UPE, kilitafsiriwa barabarani kuwa "Ualimu Pasipo Elimu". Dhihaka hiyo ina ukweli ndani yake: wengi wa vijana hao walikuwa na umri mdogo, na maarifa yao ya hisabati na Kiingereza yalikuwa haba. Lakini tukiilinganisha mipango miwili, ya Kenya na ya Tanzania, twaona tofauti isiyotokana na vyeti. Kwa mahitaji ya cheti, Mtanzania wa darasa la saba hakumzidi UT wa Kenya. Alimzidi kwa mambo mawili: alikuwa na mkufunzi aliyemkagua wakati akifundisha, na aliyasoma mafunzo yake katika lugha ileile aliyoitumia darasani. Alichojifunza mchana aliweza kukitumia asubuhi iliyofuata bila kukifasiri.

Wala tusisahau kwamba mtu maarufu kuliko wote walioitwa Mwalimu katika lugha hii hakuwa na shahada ya elimu. Julius Nyerere alikuwa na diploma ya ualimu ya Makerere, akafundisha Tabora; shahada aliyoipata Edinburgh mwaka 1952 ilikuwa ya sanaa, naye aliporudi alifundisha Pugu.

Tathmini: Faida na Hasara

Kwanza, faida. Bila walimu hawa Kiswahili sanifu kingebaki lugha ya vitabu na ofisi. Wao ndio waliokiingiza katika vinywa vya watoto wa milimani na wa kandokando ya maziwa. Mtoto alikisikia kikitamkwa na kijana wa kijiji chake mwenyewe, naye akaona kwamba lugha hii si mali ya mgeni.

Pili, hasara, na hatuna haki ya kuzificha. Mwalimu asiyeijua lugha kwa kina hushikilia kanuni chache alizokariri, akazifanya fimbo. Mwandishi wa makala haya anaweza kulitolea hilo ushahidi wake mwenyewe. Baada ya kumaliza kidato cha nne alifundisha Kiswahili kwa mihula miwili katika shule moja ya msingi, akilipwa kwa michango ya wazazi. Siku moja mwanafunzi aliandika "ndugu zangu". Mwalimu huyu kijana alikata kwa wino mwekundu, akaandika "ndugu wangu", kwa hoja kwamba ndugu ni mtu, na watu wamo katika ngeli ya A-WA. Mtoto, ambaye mama yake alikuwa mtu wa Mombasa, akasema kwa adabu, "Lakini mwalimu, nyumbani twasema hivi." Aliambiwa akae chini. Miaka miwili ilipita kabla ya mwandishi kusoma, katika mhadhara wa mofolojia, kwamba nomino za ujamaa zina upatanisho wake wa pekee katika vimilikishi, na kwamba mtoto ndiye aliyekuwa sahihi. Hapakuwa na njia ya kumrudishia alama yake.

Kosa hilo halikutokana na ukosefu wa cheti peke yake. Lilitokana na upweke. Katika mihula ile miwili hakuna aliyeingia darasani kumsikiliza mwalimu yule. Katika chuo cha kale cha pwani kosa lingesikika siku ileile, kwa kuwa mwalimu mkubwa alikuwa kwenye mkeka uleule.

Tatu, gharama ya kuchelewa. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, na Kiswahili kikawa somo la lazima lenye kutahiniwa, walimu wengi walijikuta wakitayarisha watoto kwa mtihani ambao wao wenyewe hawakuwahi kuufanya. Walijifunza usiku walichofundisha asubuhi. Kwamba somo letu limesimama hadi leo ni deni kubwa kwao, nasi wanachuo hatujalilipa hata kwa kuwataja katika vitabu vyetu vya historia ya lugha.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mwalimu asiye na shahada ya ualimu hakuwa kasoro ndogo pembezoni mwa historia ya Kiswahili shuleni. Alikuwa katikati yake. Tumeonyesha pia kwamba kila serikali ilipowahitaji walimu wengi kwa haraka iliwafungulia mlango watu wasio na vyeti, kisha ikawalaumu kwa kukosa vyeti. Mafanikio na kushindwa kwao vilitegemea zaidi mambo mawili: kuwapo kwa mwenzao mwenye ujuzi, na lugha waliyofunzwa kwayo.

Leo madai yamepanda. Tangu mwaka 2021 vyuo vya ualimu wa shule za msingi nchini Kenya vimeanza kutoa diploma mahali pa cheti cha zamani cha P1. Hatua hiyo tunaiunga mkono. Hatumtakii mtoto yeyote arudi mbele ya mwalimu wa kubahatisha. Lakini karatasi haiwezi kufanya kazi ya shahidi. Mwenye digrii ya elimu akiachwa peke yake darasani atakosea kama alivyokosea yule kijana wa wino mwekundu, ila atakosea kwa kujiamini zaidi.

Neno la mwisho latuhusu sisi wenyewe. Wengi wetu tunaofundisha katika idara za lugha za vyuo vikuu tumepata shahada za uzamili na uzamifu katika isimu au fasihi, baadhi yetu ng'ambo, na hatukupata kusomea ualimu hata muhula mmoja. Hakuna bodi iliyotutazama tukifundisha kabla ya kutukabidhi mamia ya vijana. Kwa kipimo cha shule, sisi nasi ni UT. Basi kabla ya kumfungia mlango kijana wa digrii ya sanaa anayetaka kufundisha, tumwelekeze kwa ukamilifu njia ya kusajiliwa, tumpeleke kwa mwalimu mzoefu amtazame na kutazamwa naye, kisha tukubali na sisi wenzetu waingie katika kumbi zetu, waketi nyuma, watusikilize.